Badiliko Namba 412

Nililituma saa tano usiku, umeme uliporudi:
mistari elfu moja na mia tisa
na maelezo ya maneno mawili, "Nimerekebisha vitu."
Nikafunga kompyuta kama mtu aliyetua mzigo
kichwani kwa mwenzake.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vipuri, Moshi mjini,
meza nne, birika moja, dirisha linalotazama Kibo
siku ambazo Kibo inakubali kutazamwa.
Tunaandika programu ya mizani:
mkulima anashusha gunia, namba inasomwa,
chama kinamwandikia kilo zake.
Basi. Hakuna ajabu nyingine.

Asubuhi Aikande alikuwa ameshajibu.
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
"Anaeli, mama huchambua kahawa kwenye chanja,
anaitandaza nyembamba, kila punje ionane na jicho.
Wewe umenimwagia ghala zima.
Nikisema nimekagua, nitakuwa nimekudanganya.
Igawe."

Nilinuna mpaka chai ya saa nne.
Kisha nikaigawa, kwa kinyongo nikaigawa:
majina niliyobadilisha, peke yake,
risiti, peke yake,
hesabu ya uzito, peke yake, mistari thelathini na sita.
Sasa kila kipande kilidai sababu yake
na hapo kwenye uzito vidole vikagoma.
Kwa nini nimekata desimali?
Sikujua. Nilikata tu,
kama mtu anayepogoa mibuni gizani.

Nikatuma hivyo hivyo, nikiomba lisionekane.
Likaonekana.
Chini ya mstari wa kumi na nne, kwa upole wa daktari wa meno:
"Kilo arobaini na saba nukta tisa, kwako inakuwa ngapi?"
Arobaini na saba.
"Na nukta tisa inakwenda wapi?"

Nukta tisa.
Mama Ndeshukurwa wa Uru ana magunia sita kwa msimu,
nukta tisa hapa, nukta saba pale,
mpaka kilo tatu na ushei,
mpaka sare ya shule ya mtoto
ambayo hakuna aliyeiiba na bado haipo.

Nikafungua historia ya ule mstari nilioufuta.
Uliandikwa na Elinami, miaka mitatu kabla sijaajiriwa.
Sikuwahi kumwona. Kiti chake ndicho ninachokalia,
kile chenye gurudumu bovu.
Alikuwa ameandika:
"Desimali zisikatwe. Tulizikata msimu uliopita,
wakulima wa Mwika wakapungukiwa, tukarudi kuwaomba radhi.
Soma suala namba 88. Jaribio limeambatanishwa."

Aliniandikia mimi.
Hakunijua, akaniandikia,
nami nikampita mbio na mistari yangu elfu moja na mia tisa.

Sikufuta badiliko lile. Nililifunga, nikaandika kwa nini,
ili anayefuata akute kaburi lenye jina.

Siku hizi tawi langu halikai wiki mbili bila kurudi shinani.
Nikiulizwa swali najibu swali, sijibu aliyeuliza.
Jaribio likiwa jekundu simwiti mtu.
Na kama siku mbili zimepita kimya, nakumbusha,
nataja namba, sitaji uvivu wa mtu.
Aikande naye hukosea; juzi nilimrudishia lake mara tatu,
mara ya tatu akaninunulia ndizi za kuchoma
na bado sikuliidhinisha mpaka jioni.

Leo natuma namba 530.
Mistari kumi na miwili. Maelezo ni marefu kuliko msimbo.
Atakayeyasoma labda yuko kidato cha pili sasa hivi,
anakata desimali kwenye daftari la hesabu,
na kiti hiki kinamsubiri, na gurudumu lake.
Naandika: "Mstari wa tisa unaonekana wa kijinga.
Usiuguse kabla hujanisoma mpaka mwisho."